Mjukuu Aliyeletwa na Mvua

Kabla hakujapambazuka, tone lilianguka ndani ya sahani: ti. Halafu jingine: ti. Delphin, aliyekuwa akienda Beni na pikipiki yake mvua ikamkwamisha hapo Kalunguta, alifungua jicho moja akatazama paa la majani yaliyochoka. Mama Bénite, mjane aliyemlaza karibu na moto na kumpa kiazi kikubwa kuliko chake, alimwambia kwamba hakuna nyumba ya zamani kama hiyo pale. Nyingine zote za rika lake zilishaanguka.

Delphin akasikia njaa nyingine, ile isiyotulizwa na kiazi.

Akarudi na Syauswa, muuza mabati wa Butembo, aliyetamani kuwa na kitu cha kuonyesha watalii. Njiani alimsimulia historia: chui alipanga humo na kulipa kodi vizuri, ndege iliwahi kutua juu ya paa ikaomba maji ya kunywa. Yeye mwenyewe ni mjukuu wa mjenzi, kwa hiyo kuuza ni haki yake.

Majirani walikusanyika wakayasikia hayo. Nyumba ikienda, Mama Bénite angelala wapi? Yeye alimtazama kijana kwa upole.

"Ni kweli," akasema. "Eko mujukuu yetu. Alipoteaka siku mingi."

Delphin akafurahi.

"Basi unajua, mutoto yangu. Mujukuu mwenye kupotea hapana kusema juu ya nyumba ya tate, babu yake, mbele ya kuikandika na mikono yake."

Majirani wakaitika kwamba ndivyo desturi ilivyo. Kukataa kungekuwa kusema yeye si mjukuu. Delphin akavua viatu vyake vyeupe, akaingia kwenye udongo. Wanawake walimletea maji. Mama Bénite alimfuta jasho kwa kitenge chake. Syauswa, akihofia mvua isije ikaharibu nyumba aliyoihesabu kuwa mali yake, akaleta mabati, yakapigiliwa misumari.

Nyumba ikapendeza kama bibi harusi. Syauswa akauliza bei.

"Uliza mujukuu," akasema Mama Bénite. "Nyumba ya tate inauzwaka, na mimi niko ndani?"

Majirani wakamgeukia Delphin. Majembe ya udongo yalikuwa bado mikononi mwao.

"Hapana," akasema Delphin.

Mabati yenye matundu hayarudi dukani. Hiyo ni sheria ya Syauswa mwenyewe. Akachukua pikipiki ya Delphin kuwa malipo ya mabati.

Mama Bénite alimsindikiza Delphin mpaka barabarani, akamtia viazi vya moto mfukoni.

"Urudi kutuona, mujukuu yangu," akasema. "Kwa jiko bado kunavuja."