Chumba Changu Kilikuwa Jimbo

Jamani wanakundi, leo nimeaibika mpaka shingo imepata joto. Bado ina joto.

Mnajua natafuta kazi tangu nihitimu. Kituo kimoja cha masomo ya ziada kule Rayners Lane, hapahapa Uingereza, kilinipa nafasi ya kufundisha somo moja la majaribio, kwa mtandao, msimamizi akisikiliza. Somo lenyewe: serikali ya shirikisho ya Marekani inatofautianaje na mfumo wa Uingereza. Nikifaulu, kazi yangu. Nikishindwa, narudi kwenye maombi ya kazi yasiyojibiwa.

Mama mdogo, ambaye naishi kwake hapa Thornton Heath, sikumwambia. Angeutangazia ukoo mzima kabla ya matokeo, halafu nikikosa ningepokea pole kutoka Mbeya hadi Tanga. (Ndivyo ninavyowaza. Najua.) Nilimwambia nina kikao. Nikakaa sebuleni, maana chumbani kwangu mtandao ni wa kubembeleza.

Nilianza vizuri. Nikaeleza kwamba katiba ya Marekani imeitajia serikali kuu mambo yake: vita, sarafu, mahusiano na nchi za nje. Yasiyotajwa yamebaki kwa majimbo au kwa wananchi wenyewe. Nyuso za wanafunzi kwenye skrini zilikuwa za watu wanaosubiri basi. Wamechoka? Nimekosea? Msimamizi anaandika nini pale? Nikaona nitoe mfano wa nyumbani.

Nikasema nyumba yetu ni shirikisho. Mama mdogo ndiye serikali kuu. Yake ni intaneti, hita, na wageni wanaogonga mlango wa mbele. Chumba changu ni jimbo. Nalala saa nitakayo, nguo zinakaa sakafuni nipendavyo, na ufunguo ninao mimi. Akitaka kuingia, apige hodi.

Wakaanza kucheka. Mmoja wao, Zuhura, binti wa wazazi wa Kizanzibari, akauliza: serikali kuu na jimbo zikigombana, nani anaamua? Nikajibu kwamba Marekani wana Mahakama ya Juu, na sisi tuna Mjomba Elia, kaka mkubwa wa mama mdogo, yuko Dodoma. Hapo nikajisikia mwalimu. Nikaegemea kiti hadi mwisho.

"Kumbe mimi yangu ni intaneti na hita."

Alikuwa nyuma yangu, kikapu cha nguo mikononi. Nguo zangu. Alikuwa amezifua. (Jambo hilo katiba yangu haikulitaja.)

Nikarukia kitufe cha kuzima sauti. Kwa haraka nikazima kamera, sauti ikabaki wazi. Hilo nililijua baadaye.

"Mama mdogo, niko kwenye usaili," nikanong'ona.

"Usaili ambao sijaambiwa. Haya, tusikie mahakama inasemaje."

Kwetu shauri halilali. Likizuka tu, linapelekwa kwa Mjomba. Akampigia, akaweka spika, akamsomea mashtaka yote, na nguo za sakafuni zikiwemo. Mimi nikajifariji: wanafunzi hawasikii, na hata wangesikia, hiki ni Kiswahili.

Mjomba akauliza swali moja tu.

"Hicho chumba alipewa na nani?"

"Na mimi."

"Basi unaweza kukichukua. Huyo si jimbo. Huyo ni mtoto wa dada yetu. Na mbona hajanisalimia?"

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Toa ufunguo."

Nikautoa. Ukaingia mkobani, mkoba ukafungwa zipu.

Ndipo kompyuta ikasema, "Shikamoo, mama."

Zuhura. Muda wote ule alikuwa akiwatafsiria wenzake neno kwa neno. Mama mdogo akaitikia kwa furaha, akamuuliza wazazi wake hawajambo. Mimi nilikuwa natafuta pa kuficha uso, nikakumbuka kamera imezimwa, nikataka kuzima sauti, nikaiwasha kamera kwa makosa.

"Kwa hiyo mwalimu," Zuhura akaendelea kwa Kiingereza chake, "nyumba yenu siyo Marekani. Ni Uingereza. Chumba kilipewa madaraka, na aliyetoa ameyachukua."

Hilo ndilo hitimisho nililokuwa nimeliandaa kwa wiki nzima: madaraka ya jimbo la Marekani hayakutolewa na Washington, kwa hiyo Washington haiwezi tu kuyafuta, lakini Bunge la hapa, lililozipa Scotland na Wales madaraka yao, kisheria linaweza kuyarudisha.

Msimamizi akasafisha koo kwanza. Akasema darasa hili halitasahau somo hilo, na kwamba nianze Jumatatu. Akaongeza kwa upole kwamba nifundishie kituoni, siyo nyumbani.

Kabla sijafunga kompyuta, Tanga walishajua.

Kazi nimepata, basi. Ila anayecheka acheke kimyakimya: mama mdogo yumo kwenye kundi hili, na mlango wangu kuanzia leo haufungwi.