Mstari wa Mahindi Hadi Kilabuni

Jamani wenzangu wa bweni, leo nimeadhirika. Tena si kidogo. Barua hii isomeni mmefunga mlango, na yule mwenye kicheko cha fisi atolewe nje kwanza.

Mnaikumbuka plau yangu ya kupandia? Ile mliyosema ni takataka yenye kiburi? Nimeimalizia hapa nyumbani. Juu yake nimefunga kopo la samli (la kuombwa dukani Mtendeni, msiulize nilivyobembeleza), nikaliunganisha na gurudumu la baiskeli. Maksai wakivuta, gurudumu linazunguka, kopo linadondosha mahindi punje kwa punje, na ubao wa nyuma unafukia. Bwana mkubwa wa kilimo wa mkoani akasikia habari zake. Anatafuta kijana mmoja wa kwenda kusomea uinjinia wa kilimo, akasema leo atakuja huku kwetu, upande wa Isikizya, aone kwa macho yake.

Tatizo lilikuwa baba. Baba ni mzee wa kanisa. Pombe hata kuitaja hataki, huiita "kile kitu". Tangu nifike nyumbani juma hili wimbo wake ni mmoja: mtoto wake wa kike hatavaa ovaroli katikati ya wanaume, nikasomee ualimu kama watu. Na mzazi asipokubali, bwana mkubwa hachukui mtu. Mama angenitetea, lakini yuko Igunga anamuuguza dada yake, anarudi wiki ijayo. Maksai, hata hivyo, baba aliniazima: Siasa na Kilimo. (Majina walipewa na mwenyekiti wa kijiji.) Nadhani alitaka nishindwe mbele za watu, mambo yaishe.

Asubuhi shamba la ujamaa, lile linalopakana na kwetu, limejaa watu. Mwenyekiti anahutubia, hamalizi. Bwana mkubwa akachoka, akanipa ishara nianze. Nikashika mikono ya plau, nikapiga mluzi. Siasa na Kilimo wakaondoka vizuri kabisa, mstari umenyooka, mahindi yanadondoka, nami nimeshajiona nimevaa ovaroli.

Kisha wakakata kushoto.

Nikawavuta. Nikawaita. Nikawatukana kwa Kinyamwezi, kimoyomoyo, maana baba alikuwa karibu. Wapi! Wala hawakukimbia, wangekimbia ningesingizia nyuki. Walitembea kwa heshima zao kama watumishi wanaokwenda kazini. Tukatoka shambani. Tukapita katikati ya matuta ya viazi ya mwenyekiti (mwenyewe bado anahutubia). Kuachia siwezi, plau ikipinduka kopo linapasuka na safari yangu imekufa. Nyuma yangu kuku, nyuma ya kuku kijiji kizima.

Wakasimama mlangoni kwa Mama Sikudhani. Kilabuni, jamani. Pale panapouzwa wanzuki, ile pombe ya asali. Mama Sikudhani akatoka na karai la machicha ya pombe, akawawekea chini bila kuuliza kitu, akawapapasa shingo. "Wateja wangu," akawaambia, "leo mmewahi."

Bwana mkubwa akawatazama maksai wanavyokula, akanitazama mimi.

"Hawa wamezoea hapa. Nani huwaleta?"

Nikamtafuta baba. Alikuwa amefika anahema, kofia mkononi, anaangalia mawingu kana kwamba kuna ndugu yake huko. Jasho limemlowesha kola. Ndipo nikaelewa kwa nini kila jioni anawafunga maksai mkokoteni, eti anakwenda porini kukagua mizinga, na asali hatuioni. Nilikasirika, halafu nikamwonea huruma, mjinga mimi.

"Mimi," nikasema.

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kiongozi wa kwaya alishika kichwa, akasema kumbe ndiyo maana sauti yangu ya kwanza huwa inapanda vile. Mama Sikudhani alifungua mdomo, akamwona baba, akaufunga. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na plau yangu juu.

Bwana mkubwa peke yake hakucheka. Aliurudia mstari wangu taratibu, akiinama na kufukua kwa kijiti, hapa, na pale, mpaka kwenye viazi vya mwenyekiti. Akarudi akijifuta mikono.

"Binti, tabia utairekebisha. Mbegu zimekaa sawasawa. Mzazi wake anasemaje?"

"Aende," baba akasema, swali halijaisha. "Hata kesho aende."

Basi naondoka mwezi ujao, nikiwa mlevi anayejulikana na kijiji kizima. Ila kuna jambo moja. Mimi nimerudi juma hili tu, na maksai hawajifunzi njia ya kilabuni kwa siku mbili tatu. Pale hakuna aliyelifikiria hilo. Mama atalifikiria kabla hajatua mzigo, maana mvua zimeanza, na wiki ijayo mahindi yatakuwa yameota, mstari mmoja, kutoka ubavuni mwa nyumba yetu hadi mlangoni kwa Mama Sikudhani.

Hivi ninavyoandika, baba yuko huko njiani na jembe la mkono, anafukua punje moja moja. Wapita njia anawaambia amedondosha ufunguo. Ameniita nikamsaidie. Nimemjibu kwa adabu zote: baba, mashine yangu inapanda tu, ya kufukua ndiyo naenda kuisomea.