Viberiti vya Mvua, Ipuli

Jumatatu, 5 Novemba 1973

Mashine yangu imeiva! Gazeti kuukuu alilonifungia karanga Fakhrudin wa duka la Mtendeni lilieleza kwamba Ulaya viberiti vitupu vimefundishwa kucheza mchezo. Vyangu vinatabiri mvua. Kila hali ya anga ina kiberiti chake: mawingu, upepo, joto la kubana. Ndani, harage ni mvua, punje ya mahindi ni jua. Naangalia anga, nafumba macho, nachomoa mbegu moja kwenye kiberiti chake. Kikipatia, nakiongezea ya aina ileile. Kikikosea, naitupa. Kinajifunza chenyewe! Juni kilibabaika kidogo. Tangu Agosti hakijakosea, na maharage yameisha kabisa.

Jumatano, 7 Novemba

Kikao kwa Mzee Yahaya, balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye pia ni baba yake Zamda. (Zamda!) Matofali ya zahanati yamejaa uwanjani, mabichi, hayajachomwa. Shaban fundi redio akashauri kila nyumba ilete nyasi tuyafunike, maana kumbikumbi wameanza kutoka, dalili ya mvua. Nikasimama, nikaeleza sayansi: viberiti vinasema mvua haiji. Shaban akasema tangu Agosti, kiangazi chote hiki, hata mbuzi wake asingekosea. Wivu tu! Mzee akauliza kama nina hakika. Nikaapa. Watu walikuwa hoi kwa kufyatua, wakashukuru kurudi makwao. Zamda alinitazama.

Ijumaa, 9 Novemba

Wingu zito tangu asubuhi. Kiberiti cha mawingu: mahindi. Nikachomoa tena: mahindi. Baada ya swala ikanyesha hadi magharibi.

Matofali yamerudi kuwa udongo. Bi Batuli, aliyeyabebea maji akiwa na mimba, aliketi kando ya udongo ule akalia. Niliona aibu, nikajificha chooni. Mzee Yahaya akanifuata hadi mlangoni.

“Kijana, matofali tutafyatua mengine,” akasema. “Mkwe nitatafuta mwingine.”

Kumbe nilikuwa nimeshafikiriwa! Sikula usiku.

Jumatano, 14 Novemba

Nafyatua matofali kwa amri ya kikao. Msimamizi: Shaban. Anapiga mluzi.

Nimechunguza kosa. Viberiti havina hatia, anga ndiyo iliyobadilika bila taarifa. Binadamu habadiliki hivyo. Basi nimeanzisha kiberiti kipya: je, Zamda atanikubali? Nakifundisha kwa salamu. Kila nikimsalimia anaitika, nami naongeza punje ya ndiyo. Hakijakosea tangu Jumamosi.

Kesho natuma washenga.