Kitabu cha Wageni cha Mama Bosibori

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tatu, saa nne kamili asubuhi, wakazi wote wa Toronto walitangaziwa kwamba usiri wa polisi umekwisha. Tangazo lenyewe lilikuwa siri mpaka saa tatu na dakika hamsini na tisa.

Aliyeliandika ni Bwana Gitonga, Afisa Mwandamizi katika Kurugenzi mpya ya Uwazi na Uwajibikaji wa Polisi, na siku hiyo nzima alitembea kama bwana harusi. Kurugenzi ilikuwa imepewa vyumba vinne chini ya ardhi, visivyo na dirisha hata moja. Mlango wake ulikuwa wa kioo, kama ishara, na kioo kilibandikwa karatasi ya kahawia ili wapita njia wasichungulie. Gitonga aliona ni busara. Uwazi ni kama maziwa. Ukiuacha wazi unaganda.

Matunda yalionekana upesi. Ndani ya mwezi mmoja malalamiko ya wananchi yalishuka kwa asilimia mia, kwa kuwa fomu ya malalamiko ilikuwa imeondolewa ikaboreshwe. Imani ya wananchi kwa polisi ilipanda hadi themanini na mbili, kipimo ambacho askari walijijazia wenyewe kila Ijumaa kabla ya kwenda nyumbani. Na kila askari alipewa kamera ya kuvaa kifuani. Kamera hizo zilitunzwa sana, zikichajiwa kila siku, hasa saa za kazi.

Katika neema yote hiyo kulikuwa na mwiba mmoja tu, na mwiba huo ulikaa kanisani, safu moja mbele ya Gitonga.

Jina lake Joyeuse, mama kijana kutoka Bukavu, mwenye mtoto wa kike asiyeshuka mgongoni. Alikaa na mumewe, Armel, katika jengo moja refu kwenye mtaa uitwao Jane na Finch. Armel alikuwa amepata kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba moja huko Agincourt. Wazee walimpenda tangu siku ya kumjaribu. Mmoja alikataa kunyolewa na mtu mwingine. Lakini bila cheti safi cha polisi hangeweza kuanza, na cheti chake kilitoka na mstari mmoja: tarehe nane Mei, mlangoni pa jengo lake, Armel alimkimbia askari. Mwenyewe alisema alikimbilia basi. Nyumba ya wazee ikasema itamsubiri mpaka Ijumaa ya pili ya Juni, isizidi hapo.

Joyeuse hakutaka makubwa. Alitaka kujua ni askari gani aliyeandika mstari ule, ili aende amwombe aufute. Kurugenzi ilimjibu kwa barua ya kurasa tatu. Ilisema ombi lake limepokelewa kwa uwazi mkubwa, kwamba jina la askari haliwezi kutajwa kwa kuwa askari naye ana faragha yake, na kwamba kamera yake siku hiyo ilikuwa kwenye chaji. Barua hiyo pia aliiandika Gitonga. Aliipenda hasa aya ya pili.

Kila Jumapili, ibada ya Kiswahili ikiisha, Joyeuse alimsubiri mlangoni.

"Papa Gitonga, ile karatasi yetu iko wapi?"

"Iko kwenye mchakato, mama."

"Huo mchakato unakaa mtaa gani, Papa? Niende niupigie hodi."

Hakuwa anafoka. Hilo ndilo lililomsumbua Gitonga. Alisema aksanti, akamshika mtoto mkono ili ampungie Papa, akaenda zake. Kufikia mwisho wa Mei, Gitonga alikuwa anatokea kwa mlango wa jikoni.

Sasa, mwezi wa nne Kurugenzi ilikuwa imetoa Waraka Namba Kumi na Nne. Uliwaagiza askari wote kuheshimu, bila kuuliza wala kupinga, mila za kila jamii wanayoitembelea. Wakiambiwa wavue viatu, wavue. Wakipewa chakula, wale. Gitonga aliuandika, akautilia na methali, mgeni njoo mwenyeji apone, na Mkurugenzi mwenyewe, Bi Samina, akautia sahihi. Mwezi wa sita ulipoanza, Bi Samina akataka ushahidi wa mafanikio kwa ajili ya ripoti. Takwimu zikaonyesha kwamba askari wamelipenda mno jengo moja la Jane na Finch. Gitonga akatumwa akajionee. Alipotambua ni jengo la nani, alivuta kofia mpaka kwenye nyusi, akaingia.

Karibu na lifti palikuwa na meza. Juu ya meza palikuwa na kitambaa cha kufuma, chupa ya chai, daftari kubwa jeusi lenye mgongo mwekundu, na kalamu iliyofungwa kamba isitembee. Nyuma ya meza alikaa Mama Bosibori, mwenyekiti wa wapangaji. Huyu alikuwa karani wa shule ya sekondari kule Kisii kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo hakuna mgeni, awe mkaguzi awe waziri, aliyempita bila kutia sahihi. Alipohamia Toronto akakuta jengo la ghorofa kumi na nane lisilo na kitabu cha wageni, alipatwa na baridi kali kuliko ile ya Januari. Kesho yake akanunua daftari na rula. Tarehe, jina, namba ya kazi, kumwona nani, madhumuni ya ziara, saa ya kuingia, saa ya kutoka, maoni, sahihi. Kiswahili juu, Kiingereza chini.

Askari wa kwanza alisita. Kisha akaukumbuka waraka, akaangalia kitambaa, chai na ile kalamu yenye kamba, akaelewa kwamba hii ni mila. Akatia sahihi. Wenzake wakafuata.

Gitonga naye alitia sahihi, halafu akaomba kukisoma kitabu.

"Kukisoma?" Bosibori alimtazama vizuri. "Ndugu yangu, kitabu cha wageni hakisomwi. Kinaandikwa."

Hata hivyo alimpa, na chai juu yake. Gitonga akaanza kutafuta sifa za kunukuu. Akakuta: madhumuni, kukimbia mvua. Madhumuni, kutimiza ziara kumi za mwezi, hii ni ya tisa. Kumwona nani, yeyote atakayefungua. Madhumuni, tumekosea jengo. Maoni, mandazi ni matamu. Kila mstari ulikuwa na jina kamili, namba na sahihi, vitu ambavyo Kurugenzi ilikuwa na mawakili wawili wa kuvizuia.

Ukurasa wa kumi na nane, tarehe nane Mei, aliandika Konstebo Elias. Madhumuni: ujirani mwema. Maoni: Bwana Armel wa ghorofa ya sita alitoka mbio kuwahi basi, nikamshikia mlango, basi likamwacha. Fomu yetu ina visanduku viwili tu, "alisimama" na "alikimbia", nikatia alama "alikimbia". Chai nzuri sana.

Gitonga alisoma mara tatu. Chai ikapoa. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtumishi mwaminifu, akapiga picha ukurasa ule akaupeleka kwa Mkurugenzi kama habari njema.

Bi Samina aliusoma akiwa amesimama, akakaa. Aliuliza ni nani aliyewaruhusu askari kuandika mambo yaliyotokea bila kuyapitisha Kurugenzi. Gitonga akamkumbusha waraka. Mkurugenzi akasema huo ni uvujaji wa uwazi, na kwamba kitabu kitachukuliwa kesho, Alhamisi, kikahifadhiwe mahali salama pasipofunguliwa. Gitonga akajibu sawa. Alipotoka akatafuta namba ya Joyeuse, akamwambia maneno machache tu: ukurasa wa kumi na nane umeeleza habari ya basi na Mkurugenzi ameshausoma, kesho saa tano ashuke chini, asisahau simu.

Alhamisi Bi Samina na Gitonga walifika na sanduku la chuma. Bosibori aliwakaribisha, akasukuma kitabu mbele. Bi Samina alianza kueleza sheria ya taarifa binafsi. Bosibori alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akaonyesha ukutani, pale Waraka Namba Kumi na Nne ulipokuwa umetiwa fremu, akampa kalamu.

"Kumwona nani?" aliuliza.

"Simwoni mtu. Nimekuja kuchukua kitabu hiki."

"Basi andika, kumwona kitabu. Madhumuni, kukichukua. Hapo, na namba ya kazi."

Mkurugenzi aliandika, akakifunga kitabu, akakitia sandukuni.

"Na saa ya kutoka?" akauliza Bosibori. "Utaitia sahihi wapi?"

Bi Samina akasema hilo si muhimu. Bosibori akamweleza, polepole kama mtu anayemwonea mgeni huruma, kwamba asiyetia sahihi ya kutoka bado yumo ndani. Kule Kisii alishamkalisha mkaguzi wa elimu mpaka saa nane kwa jambo hilohilo. Mkurugenzi akamgeukia Gitonga, mtaalamu wake. Gitonga alikuna kidevu. Akasema kwa masikitiko makubwa kwamba waraka unasema bila kuuliza wala kupinga, na kwamba sahihi iliyo chini yake anaifahamu.

Kitabu kikatoka sandukuni. Saa tano na dakika arobaini, Bi Samina akaandika, akaanza kusimama.

"Maoni," alisema Bosibori. "Mstari haufungwi bila maoni."

"Niandike nini?"

Joyeuse alikuwa amesimama karibu na lifti muda wote, mtoto amelala mgongoni. Akasogea.

"Mama Mkurugenzi, andika kile ulichosoma ukurasa wa kumi na nane. Ni maneno kidogo tu. Kesho ndiyo Ijumaa yetu."

Bi Samina alimtazama, akaitazama saa ya kutoka aliyoiandika, ambayo ilishapita kwa dakika tatu na kuufanya mstari wake kuwa wa uongo. Hilo lilimuudhi kuliko yote. Akainama, akaandika haraka: "Nimesoma maelezo ya Konstebo Elias. Bwana Armel alikuwa anakimbilia basi." Akatia sahihi.

"Cheo," alisema Bosibori.

Akaandika na cheo.

Joyeuse alipiga picha mara nne, maana tatu za kwanza zilitikisika, ndipo kitabu kikarudi sandukuni. Meneja wa nyumba ya wazee, alipotumiwa ile picha ya nne, alisema hajawahi kupokea barua ya polisi fupi kiasi kile, wala iliyoeleweka, na Jumatatu Armel akaanza kazi kwa kumnyoa yule mzee, ambaye kwa kususa alikuwa amefuga ndevu za kutosha.

Ripoti ya Kurugenzi ilitoka mwezi uliofuata. Ukurasa wa arobaini unasema kwamba katika kipindi kinachohusika uwazi ulitokea mara moja, Alhamisi, saa tano na dakika arobaini asubuhi, na kwamba hatua zimechukuliwa ili usijirudie.