Hitilafu Niliyoipanda Mwenyewe

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Wiki ya mwisho ya majaribio kazini. Ijumaa Bosi anaamua: ajira au mlango. Mama ameshawatangazia mashangazi wote kwamba nimeajiriwa. Nikifukuzwa, uso nitauweka wapi?

Tatizo ni Miwani, mwenzangu wa majaribio. Tulianza kazi siku moja. Anaandika programu huku akipiga mluzi, na Bosi humwita "kijana wetu". Mimi huniita "wewe wa dirishani".

Programu yetu ni ya mafundi cherehani. Fundi akimaliza kushona, anabonyeza, mteja anapata ujumbe kwamba nguo iko tayari. Basi! Nitapanda hitilafu ndogo: ujumbe urudie kila saa mpaka nguo ichukuliwe. Alhamisi nitaigundua mbele ya wote na kuitengeneza. Zimamoto hasifiwi bila moto.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimeipanda. Dada, mkuu wetu wa ufundi, ana sheria moja: hakuna badiliko linalokwenda kwa wateja kabla mwenzako hajalikagua. Lakini alikuwa mkutanoni. Nikajikagua mwenyewe. Sikuona kasoro.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Balaa! Miwani ameiona hitilafu kabla ya chai na kuiondoa. Huku anapiga mluzi! Bosi akampigia makofi. Nami nikapiga, viganja vikauma. Mchimba kisima huingia mwenyewe, husema Mama. Mimi nimechimba, Miwani amechota maji.

Nyumbani nilisema kichwa kinaniuma. Mama akajibu kwamba mtu mwenye ajira ya kudumu haumwi kichwa ovyo. Nilitamani kulia.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Simu za ofisi hazinyamazi. Mafundi wamekuja juu. Nikajua yamenifika.

Kumbe wanauliza ule ujumbe wa kila saa umekwenda wapi! Jumanne wateja waliotelekeza nguo tangu mwaka jana walikuja mbio, wengine wakiomba radhi. Fundi mmoja alisema ameiona tena sakafu ya duka lake.

Bosi akauliza nani alibuni jambo hili. Miwani, muungwana wa kuudhi, akasema yeye aliondoa tu. Mkono wangu ukapanda wenyewe. Nikasema ni matunda ya utafiti wangu wa muda mrefu. Dada alinitazama bila kupepesa macho.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Dada aliniita pembeni. Akauliza nani alinikagua. Nikamwambia, mimi. Akauliza utafiti gani uliosema mtu aamshwe usiku wa manane kwa ajili ya suruali. Nikakiri yote.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema wazo zuri halina haja ya kuingilia dirishani: lilete mezani, wenzako walinoe. Amemshauri Bosi anichukue. Nimeajiriwa! Mimi na Miwani tutautengeneza upya ujumbe ule, kwa saa za mchana tu. Hata mluzi wake leo ulikuwa mtamu. Mama alipiga vigelegele kwenye simu mpaka sikio likaziba. Nina furaha ya kweli. Na somo limeniingia.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Jana jioni nilipata wazo kubwa zaidi. Kama mteja hukumbushwa, kwa nini fundi asikumbushwe kila dakika kwamba anachelewa kushona? Nikawapelekea mafundi wote. Dada alikuwa ameshaondoka, sikutaka kumharibia mapumziko.

Simu yangu inalia tangu alfajiri. Ni mafundi. Sijapokea bado. Pongezi ni tamu zaidi baada ya chai.