Presha 120 kwa 80

Jumatatu, 3 Novemba
Nimeingia! Daktari Sulabha amekubali yoga yangu katika kliniki yake ya uzazi hapa mjini Nashik. "Yoga ya Kila Mtu na Mwili Wake, Bega kwa Bega na Tiba ya Kisasa." Jina nimelibuni mwenyewe. Nikipata akina mama watatu waliojifungua kufikia Jumamosi, chumba cha ghorofani ni changu, na kibao mlangoni: Mwalimu Shripad Wagle. Nikikosa, kinakuwa stoo. Sharti jingine: kila mama apimwe presha kabla ya pumzi ya kwanza, fomuni iandikwe. Hilo ni la Sista Aleyamma, nesi mkuu. Mwanamke ana wivu huyo!

Jumanne, 4 Novemba
Darasa saa nne. Mikeka kumi na miwili. Hakuja mtu hata mmoja! Sista alicheka hadi akavua miwani. Akaniuliza nimezaliwa nchi gani, sijui kwamba mzazi hatoki kwa mama yake mpaka arobaini ipite? Nilijua. Nilidhani kwangu mimi watatoka.

Akajitolea tufuatane majumbani, yeye apime, mimi nifundishe. Nimekataa. Sifa zigawanywe? Thubutu! Nimeazima mashine ya presha tu.

Jumatano, 5 Novemba
Nyumba ya kwanza: kwa Kusumtai. Binti yake Vaidehi amejifungua siku nane zilizopita. Mwanamume wa nje haingii chumba cha mzazi, basi nikafundisha nikiwa barazani. Mimi natamka, Kusumtai anapeleka nyuma ya pazia: "Vuta pumzi, mwanangu. Haya, toa. Basi, lala." Hilo la kulala si langu.

Nimekula ladu mbili, vile vitamu vya mviringo vya kumtia mzazi nguvu. Tamu.

Presha? Mimi siwezi kuingia, Kusumtai hajui kupima. Nikajipima mwenyewe. 120 kwa 80, safi kabisa! Nikaandika hiyo. Mwalimu ni kioo cha mwanafunzi.

Alhamisi, 6 Novemba
Nyumba mbili nyingine, baraza mbili nyingine. Akina mama watatu tayari! Wote 120 kwa 80.

Nikarudi kwa Kusumtai. Akasema Vaidehi kichwa kinamgonga tangu jana, anaona vimulimuli machoni. Yeye anashuku husuda, ameshamzungushia chumvi na pilipili na kuzitupa motoni. Hata hivyo alitaka kumpeleka kliniki. Akaniuliza presha ya jana ilikuwaje. Nikamwambia 120 kwa 80, safi kuliko ya vijana. Akatulia, akavua shali yake. Nikampa Vaidehi pumzi ya tundu la kushoto la pua, yake peke yake. Hiyo ndiyo yoga ya mtu na mwili wake!

Ijumaa, 7 Novemba
Sista alipita kwa Kusumtai kupima uzito wa mtoto. Hakuridhika na uso wa Vaidehi. Akampima: 170 kwa 110. Wakambeba kwa bajaji mpaka kliniki, akatundikiwa dripu. Daktari amesema wangechelewa kidogo tu, angeanza degedege, na huenda mtoto angebaki yatima.

Kusumtai alinikuta koridoni. Sikupata hata nafasi ya kujificha. Hakupiga kelele. "Uliniambia mzima. Nikakuamini, mwanangu. Na ladu zangu ukala."

Nimeona aibu. Kweli kabisa. Kama nusu saa hivi.

Jumamosi, 8 Novemba
Vaidehi ana nafuu, ananyonyesha. Nimeshukuru Mungu.

Daktari alitandaza fomu mezani. Akauliza inawezekanaje wanawake watatu wawe na presha moja, siku zote. Nikasema ni matunda ya yoga. Sista akatoka nje. Sijui alikuwa akilia au akicheka. Nimefukuzwa. Chumba ni stoo tangu saa sita mchana, na vitu vya kwanza kuingizwa ni mikeka yangu.

Jumapili, 9 Novemba
Nimekaa mkao wa kutafakari tangu asubuhi. Nimejichunguza bila huruma. Kosa nimeliona: namba zilifanana mno.

Kesho naanza kwa daktari wa moyo, ng'ambo ya mto. Wagonjwa thelathini, sijamwona hata mmoja. Fomu zote nimeshajaza: 118 kwa 76, 124 kwa 82, 131 kwa 85. Hakuna mbili zinazolingana. Kila mtu na mwili wake!