Jibini ya Duara Kamili

Katika mji wote wa Gouda, huku kwetu Uholanzi, na ninahesabu pamoja na bata wa mferejini, ni mtu mmoja tu aliyewahi kununua chakula cha nguruwe kwa nguvu ya hoja. Jina lake Wijnand Roskam. Msinibishie! Mimi Teunis, mchukuzi wa soko la jibini, ndiye niliyekibeba begani.

Wijnand alikwenda chuo kikuu cha Leiden kusoma miaka miwili. Shahada hakurudi nayo, ila alirudi na mashaka, tena mashaka makubwa yaliyovaa ukosi mweupe! Macho yanadanganya, alituambia. Masikio yanadanganya. Pua ndiyo kabisa, mwongo asiye na haya. Ujuzi wa kweli mtu huzaliwa nao kichwani. Akae tu atulie, autafakari, utatoka wenyewe kama yai.

Tungemwacha aatamie yai lake. Tatizo, alimpenda Machteld.

Machteld ni binti pekee wa Mzee Huibert, mwenye nyumba ya wageni nyuma ya soko. Macho yake ni ya kijivu, kama maji ya mfereji asubuhi kabla mashua hazijayavuruga. Ukiyatazama sana unasahau ulichobeba, nami nimewahi kudondosha. Sasa sikieni Wijnand alivyombembeleza mtoto wa watu:

“Machteld mpenzi, siwezi kuwa na hakika kwamba upo. Huenda ninakuota tu.”

“Basi ota na zile sahani,” Machteld alimjibu, “uniotee zimeoshwa.”

Lakini alicheka aliposema hivyo. Alimpenda, maskini.

Siku Wijnand alipokuja kuposa, Mzee Huibert alimtazama kuanzia ukosi hadi viatu.

“Kijana, atakayemwoa Machteld ataiendesha nyumba hii. Na mwendesha nyumba ya wageni asiyejua kuchagua jibini ataua watu. Leo Alhamisi, soko limejaa. Niletee moja tuikate mbele ya wageni. Ikiwa nzuri, binti ni wako. Ikiwa mbovu, kizingiti changu usikikanyage tena.”

“Baba mkwe, hapo umeshanioza!”

“Usiniite mkwe kabla ya kisu.”

Kwetu jibini hununuliwa hivi. Unaigonga, unasikiliza. Unaitoboa kwa chuma chembamba, unatoa kipande, unakinusa, unakisaga vidoleni, unakionja. Ndipo mnapigana makofi ya viganja, kila kofi na bei yake. Kofi la mwisho likishalia, hata jibini ikiota pembe ni yako!

Wijnand alipita sokoni mikono nyuma, kama jenerali akikagua jeshi la manjano. Kila mkulima alimnyooshea chuma. Kila chuma alikikataa.

“Hizo ni hisi, bwana. Mimi nachagua kwa akili.”

Mimi nilikuwa nyuma yake, amenikodi nimbebee. Tukafika kwenye mkokoteni wa Krijn, mkulima mpole kutoka mashamba ya mtoni. Juu ya mkokoteni jibini zake zilipangwa bapa, za heshima. Chini yake, kwenye majani, ilijitenga moja iliyovimba juu na chini, duara kama mpira.

Hapa hata mtoto mwenye meno mawili anajua kwamba jibini iliyovimba imeoza ndani. Msomi wetu macho yalimtoka, yale yale aliyoyaita waongo!

“Teunis, umbo lililo kamili kuliko yote ni lipi?”

“La Machteld,” nikamjibu.

“Duara, mjinga wewe! Duara halina pembe wala mwisho. Sasa, kitu kamili hakiwezi kukosa utamu, maana kukosa utamu ni kasoro. Kwa hiyo jibini hii ni tamu. Imethibitishwa!”

“Bwana mkubwa,” Krijn akasema kwa aibu, “hiyo ni ya nguruwe wangu.”

“Nani kakwambia?”

“Pua yangu.”

“Na pua yako haijawahi kukosea?”

Krijn ni mtu mkweli. Akafikiri. “Mwaka juzi, nilipokuwa na mafua.”

“Umeona! Shahidi aliyeongopa mara moja haaminiki tena! Lete kiganja!”

“Itoboe kwanza, ndugu yangu, nakusihi.”

“Kiganja!”

Pa! Pa! Sijaona makofi kama yale: muuzaji anashusha kwa aibu, mnunuzi anapandisha kwa fahari. Pa! La mwisho. Nguruwe wakalala njaa.

Nikaibeba. Tulipofika darajani ilianza kuniongelesha.

“Wijnand, inanong’ona.”

“Sikio lako hilo.”

Wageni walikuwa wameshajaa mezani. Machteld alivaa aproni mpya, imepigwa pasi hadi kamba. Mtoto wa watu alikuwa na matumaini.

Mzee Huibert akatia kisu. Jibini ikashusha pumzi ndefu: pfffff! Paka akarukia nje kupitia dirishani bila kuaga.

“Mna mtu amekufa humu,” Mzee Huibert akasema.

“Harufu haimo ndani ya jibini!” Wijnand akasimama. “Ndani ya jibini mna umbo na ukubwa tu. Harufu imo puani mwenu. Nyinyi ndio mnaonuka!”

Machteld akakata kipande, akakiweka sahanini mbele ya msomi wetu.

“Mimi nilizaliwa sijui kitu, Wijnand. Kichwa kilikuwa cheupe kama shuka jipya. Maziwa mabovu yaliandika humo, mkate ulioungua ukaandika, na vyote vilipitia puani. Lakini labda nimekosea mimi. Kula, nitakuamini.”

Akamtazama. Nami niliona anangoja neno moja tu, neno dogo la kumwokoa: nimekosea. Mimi mwenyewe nilitaka kumnong’oneza.

Akala!

“Tamu,” akasema, machozi yakimtiririka.

Uso ukawa mweupe, ukawa kijani, kisha ukapata rangi ambayo wachoraji wetu bado hawajaichanganya. Akatoka mbio hadi choo cha uani. Machteld akamfuata, akasimama nje ya mlango.

“Wijnand, tumbo linauma?”

“Linauma!”

“Una hakika? Au hisi zinakudanganya?”

“Nina hakika! Hakika kabisa!”

Alipotoka alikuwa ameshika ukuta kwa mikono miwili. Alijikokota hadi mlango wa jikoni. Dirishani niliiona aproni mpya imeshatundikwa msumarini.

“Machteld! Nimekosea! Machteld, upo?”

Ndani, sauti ya sahani ikakoma.

“Sipo,” Machteld akajibu. “Unaniota tu.”